Rangi za macho za bei poa Dodoma: shajara ya majaribio

Jumamosi, 6 Julai 2024. Manunuzi

Mdogo wangu anaagwa kwa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, tarehe 31 Agosti. Mpambaji wa kwanza niliyempigia alitaja bei yake, nikamwambia nitampigia tena, na sote wawili tulijua sipigi. Kwa hiyo nitampamba mwenyewe. Nyusi naziweza, poda naiweza. Macho ndiyo yananitoa jasho: kila nikipaka rangi, baada ya saa mbili naonekana kama mtu aliyekesha msibani.

Nina wiki nane, na kikomo nilichojiwekea ni shilingi 60,000 kwa jumla ya vyote vinavyogusa macho, ukiacha wanja na kope za bandia, ambavyo anavyo mwenyewe. Naandika tarehe, bei na makosa ili atakayeiga asianzie nilipoanzia mimi.

Video ninazotazama nyingi ni za Marekani. Dada wa watu anaingia famasi, anatoka na Maybelline, e.l.f. au Wet n Wild, anasema kapata kwa bei ya chini. Mimi nimeingia famasi mbili hapa mjini kuulizia rangi za macho, na zote mbili nimeonyeshwa dawa ya macho. Za kwetu ziko soko la Machinga pale Bahi Road, na kwenye maduka ya vipodozi yanayozunguka soko la Majengo.

Nimerudi na vitu vinne. Majina nimevipa mwenyewe, kwa sababu jina lililoandikwa juu ya boksi si lazima liwe la aliyetengeneza. Kubwa ni paleti ya rangi 18, ina kioo, inang'aa kama taa za ukumbini, 12,000 kwa machinga. Udongo ni paleti ndogo ya rangi tisa, saba mati (zisizong'aa) na mbili za kung'aa, zote za ukoo wa kahawia, 9,000 dukani Majengo. Vikopo ni viwili vya rangi mojamoja, kahawia iliyoiva na nyeusi, 2,500 kila kimoja. Halafu glita ya dhahabu, kikopo cha 2,000, ambayo sikuipanga. Muuzaji aliniambia "dada yangu, sendofu bila glita ni kikao," nikacheka, nikalipa. Brashi tatu 6,000.

Jumla hadi leo: 34,000.

Jumanne, 9 Julai. Mkononi kwanza

Nimechora mistari upande wa ndani wa mkono, bila kitu chini yake, kisha nikaenda kufungua duka. Nina steshenari ndogo Ng'ong'ona, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Mmoja aliyekuja kutoa fotokopi aliangalia mkono wangu na kuniuliza kama nimeungua.

Kubwa imenishangaza kwa uzuri na kwa ubaya. Rangi zake za kung'aa zinapakika kama siagi. Lakini ile pinki na ile nyekundu, nilipofuta jioni kwa mafuta ya nazi, doa lilibaki, sabuni haikulitoa, na mahali pa pinki panawasha. Hapo ndipo nikageuza boksi kusoma. Hakuna orodha ya viambato, hakuna namba ya toleo, hakuna nchi. Kuna picha ya mwanamke tu.

Udongo ina maandishi madogo lakini yapo: talki, mika, zinki stearati ya kushikamanisha unga, halafu namba za rangi. Namba hizi zinafaa kuzijua. CI 77491, 77492 na 77499 ni oksidi za chuma, yaani nyekundu, njano na nyeusi, na kahawia karibu zote zinatoka humo. CI 77891 ni titani dioksidi, nyeupe. Kuna pia kale kamchoro ka kopo lililo wazi lenye 12M, maana yake ukishafungua una miezi kumi na miwili.

Muuzaji wa Kubwa aliniapia kuwa "imepita TFDA," yaani iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Vipodozi viliondoka huko mwaka 2019 vikahamia TBS, shirika la viwango, na TFDA yenyewe ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mtu anayekuapia kwa jina lililokwisha kubadilika miaka mitano iliyopita, msikilize kwa sikio moja.

Pinki na nyekundu za Kubwa hazitafika jichoni. Zilizobaki bado nazifikiria.

Jumapili, 14 Julai. Kupauka

Hapa ndipo shida yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nimepaka Udongo jicho la kushoto na Kikopo cha kahawia jicho la kulia, mbele ya dirisha, saa moja asubuhi. Mimi ni mweusi wa kweli, na kope zangu, yaani ngozi ya juu ya jicho, ni nyeusi kuliko mashavu. Kahawia ya kwenye paleti ni kama chai ya maziwa. Ilipogusa kope ikawa kijivu. Nilionekana kama nimetoka mashineni kusaga mahindi. Nikaongeza, ikazidi kuwa kijivu. Nikaongeza tena, unga ukaanza kudondoka mashavuni.

Kosa la kwanza lilikuwa kudhani rangi haitoshi. Kumbe kilichozidi ni weupe: talki inajaza unga kwa bei ndogo, ile 77891 inauongezea weupe, na juu ya ngozi nyeusi zinajitokeza zenyewe kabla ya kahawia. Kikopo kilipauka kidogo tu, labda kwa sababu rangi yake imeiva zaidi tangu mwanzo.

Nilijaribu vaselini chini yake, nikikumbuka mama alivyokuwa akituangaza midomo siku za Krismasi. Rangi ilikolea palepale, nikashangilia. Saa tatu ilikuwa imekusanyika yote kwenye mkunjo wa kope kama tope kwenye mfereji.

Kisha konsila (krimu ya kuficha madoa) niliyokuwa nayo nyumbani, ambayo ni nyepesi kuliko uso wangu. Wale wa video wanapaka nyepesi ili rangi "ionekane." Kwao sawa. Kwangu nilikuwa nimeongeza weupe juu ya weupe.

Mchana nikapanda daladala hadi mjini, nikanunua konsila inayofanana na kope zangu, si uso wangu, 8,000. Muuzaji alisisitiza nimekosea. "Hiyo ni nyeusi sana kwako, mteja." Nikamwambia ni ya kope. Nimepaka kiasi cha punje ya mtama kila jicho, nikagongagonga kwa kidole mpaka ikaisha kuteleza, na kabla haijakauka kabisa nikabandika rangi kwa kuigandamiza, bila kuisugua. Kahawia ya Udongo ikabaki kahawia. Ileile ya asubuhi.

Jumla: 42,000.

Jumamosi, 20 Julai. Ushauri wa Dar

Wapambaji wa Dar ninaowafuata wanasema ukimaliza konsila, lundika poda, subiri, pangusa, ndipo rangi. Kule wanapigana na jasho. Mimi nimefanya hivyo Dodoma, mwezi wa Julai, upepo ukipiga tangu alfajiri na midomo ya kila mtu imepasuka. Kufika saa tano kope zangu zilikuwa na nyufa kama mashamba ya Bahi maji yakishakauka. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa upole: "Dada, unaumwa macho?" Jicho moja lilikuwa na Udongo na poda, la pili lilikuwa tupu kwa kulinganisha, kwa hiyo swali lake lilikuwa la haki.

Poda nimeiondoa kabisa kwenye kope. Badala yake nafanya hivi: usiku losheni kidogo, ile isiyo na manukato makali. Asubuhi tone dogo tena, nabandika chai jikoni, chai ikichemka nafuta kope kwa tishu bila kusugua, ndipo konsila. Lisipofutwa hilo tone la asubuhi unarudi kwenye kesi ya vaselini.

Nimenunua pia glisarini famasi, 2,000, kwa ajili ya zile rangi mbili za kung'aa za Udongo ambazo zikiwa kavu hazionekani kabisa. Tone moja la glisarini, matatu ya maji yaliyochemshwa yakapoa, unachovya ncha ya brashi, unaipangusa, unachota rangi. Inawaka. Jamani, inawaka.

Jumla: 44,000.

Jumatano, 24 Julai. Imeanguka

Udongo imeanguka kutoka kwenye mkoba nikishuka bodaboda. Kahawia ya katikati, ambayo ndiyo naitumia kila siku, imegeuka unga. Nyingine nane hazijaguswa, kana kwamba zilijua si za kazi.

Nimenunua spiriti ya famasi ya asilimia 70, isiyo na rangi, 1,500. Si ile ya bluu ya kuwashia. Nimesaga mabonge kwa kijiti cha meno, nikadondosha spiriti mpaka ikawa kama uji wa mtoto, nikafunika kwa kipande cha kitambaa safi na kugandamiza kwa sarafu ya 200. Nimeiacha wazi kabatini.

Ijumaa, 26 Julai

Imekauka, imekuwa jiwe. Uso wake unang'aa kama sakafu iliyopigwa nta, brashi inapita juu na kurudi bila kitu. Nilimimina spiriti nyingi mno. Ilitakiwa iwe kama mchanga wa kujengea nyumba za kuchezea, ule unaoshikamana ukiufinya, siyo uji. Na nilikandamiza kama napiga muhuri wa serikali.

Kilichoniokoa ni solotepu. Nimekata kipande, nikakibandika juu ya lile jiwe, nikabandua. Kilitoka na ngozi nyembamba ya kahawia inayong'aa, na chini yake unga mlaini ukaonekana. Vipande vitatu vimetosha. Nimepoteza labda robo ya rangi, lakini inachoteka. Ukirudia hili, usipake jichoni kabla harufu ya spiriti haijaisha kabisa. Mimi nilingoja siku mbili.

Jumla: 45,500.

Alhamisi, 8 Agosti. Nanenane

Mdogo wangu kaja kutoka Dar na treni ya SGR, ambayo ina wiki mbili tu tangu ianze kufika huku, na kutwa nzima habari ni treni, siyo harusi. Tumekwenda viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nanenane, Nzuguni. Nilitaka jua, upepo na vumbi kwa mpigo, na Nzuguni inatoa vyote bila kiingilio cha ziada.

Macho yangu: kushoto Kikopo cha kahawia peke yake, mati. Kulia kahawia ya Udongo, na katikati ya kope rangi ya kung'aa niliyoilowesha kwa glisarini. Tumetoka saa tatu asubuhi, tumerudi saa kumi na moja.

Jicho la kushoto lilirudi kama lilivyotoka, limefifia kidogo kwenye kona. La kulia, ile sehemu ya kung'aa iligeuka rangi ya barabara. Mwanzoni nilidhani imechuja. Nilipoipitisha kidole nikasikia chembechembe: vumbi la Nzuguni lilikuwa limenasa juu yake. Glisarini inavuta unyevu na inabaki na unato. Ile ile inayofanya rangi iwake ndiyo iliyokusanya uwanja mzima.

Marekebisho: kwa shughuli ya nje, lowesha kwa maji matupu. Inawaka nusu, lakini inabaki ni rangi. Glisarini ibaki kwa ukumbini, na tone moja kwa matone sita ya maji.

Jumapili, 11 Agosti. Glita

Siku mbaya.

Tulikuwa tunafanya mazoezi ya uso mzima. Macho yalikaa vizuri, mama akapita mlangoni akasema "eeh," na kwa mama hiyo ni sifa ndefu. Mdogo wangu akaiona glita ya dhahabu mezani. "Dada, kidogo tu." Nikampaka kidogo tu, kwa kidole, juu ya konsila. Akapepesa mara mbili, akashika jicho, akaanza kulia.

Nilimwinamisha kwenye beseni nikamwagia maji safi ya kunywa kwa robo saa kwa saa ya simu, nikimkataza asisugue. Wekundu haukupungua. Tukachukua bajaji hadi zahanati, kwenda na kurudi 6,000. Kumwona daktari na dawa ya matone, 10,000. Daktari alitoa vipande viwili chini ya kope ya juu. Alisema jicho limekwaruzwa kidogo, litapona, na mekapu isiguse macho mpaka amwone tena.

Usiku sikulala. Jumatatu asubuhi nilikwenda dukani mapema na kile kikopo. Nauza glita za kadi na mapambo ya shule, zimekaa rafu ya pili karibu na gundi. Nikamwaga kidogo ya hii na kidogo ya ile kwenye karatasi nyeupe mbili, nikasogeza kamera ya simu nikaikuza mpaka mwisho. Vipande vya plastiki vyenye pembe sita, kingo zimekatwa wima, upana uleule, dhahabu ileile. Ukinipa zote mbili bila vikopo siwezi kukuambia ipi ni ya kope na ipi ni ya kadi ya "Hongera kwa kuhitimu." Yangu naiuza 500.

Rangi ya kung'aa na glita ni vitu viwili. Kung'aa kwa Udongo kunatokana na mika iliyosagwa. Ukiisugua katikati ya vidole unahisi unga mlaini. Glita inakukwaruza. Kama vidole vinaisikia, jicho litaisikia zaidi. Kipimo hiki hakina gharama na nilikuwa nacho tangu tarehe 6 Julai.

Kikopo nimekitupa. Na Kubwa nimeitupa pamoja nacho, pinki yake bado naikumbuka mkononi, na baada ya jana sina moyo wa kuendelea kubahatisha na boksi lisilosema limetoka wapi. Mtoto wa jirani aliomba kioo chake, nikakibandua nikampa.

Jumla: 61,500. Kikomo nimeshakipita.

Jumamosi, 24 Agosti

Daktari karuhusu tangu wiki iliyopita. Nimenunua Kikopo cha kahawia cha pili, 2,500, cha kwanza kinaonyesha bati chini. Brashi zimeoshwa kwa sabuni ya kipande na kukaushwa zimelala, zikisimama maji yanashuka kwenye gundi na manyoya yanatoka. Mazoezi ya mwisho, dakika 25 macho yote mawili. Hakuna cha kuandika zaidi.

Jumla: 64,000.

Jumapili, 1 Septemba. Baada ya sendofu

Nilichotumia jana: losheni, tishu, konsila ya rangi ya kope, kahawia ya Kikopo kwenye mkunjo, kahawia ya Udongo (ile ya solotepu) juu yake, nyeusi kidogo kwenye kona ya nje, na katikati rangi moja ya kung'aa kwa maji na tone la glisarini. Rangi nne. Nilinunua 29, ukiacha glita.

Ndiyo hesabu iliyoniuma. Wakati nanunua, Kubwa ilionekana rahisi kuliko zote: 12,000 kwa rangi 18 ni chini ya 700 kila moja, na Kikopo ni 2,500 kwa rangi moja. Lakini Kubwa haikunipa hata rangi moja. Udongo nilitumia mbili kati ya tisa, yaani 4,500 kila moja. Kikopo cha kwanza cha kahawia kiliisha mpaka bati. Ningeanza leo ningenunua vikopo vinne na kuacha paleti zote dukani, ila rangi nzuri ya kung'aa ya kikopo bado sijaiona Majengo.

Ukitoa Kubwa, glita, zahanati na bajaji, vilivyofanya kazi vimenigharimu 34,000, brashi na konsila zikiwemo. Hiyo 30,000 nyingine ni ada yangu ya shule.

Ukumbini tulianza saa moja na nusu usiku. Joto la taa, kucheza, kukumbatiwa na watu mia mbili. Nilikuwa namchungulia kila akigeuka. Saa nne mkunjo wa kushoto ulianza kukusanya rangi, nikamvuta pembeni nikaubonyeza kwa kidole safi bila kuongeza kitu, ukarudi. Shangazi alimshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga, akauliza kapambwa saluni gani. Nilikaa kimya. Mdogo wangu akasema, "Kwa dada, steshenari."

Jaribio moja sikulifanya katika wiki zote nane: machozi. Bibi alisimama kutoa nasaha, akaanza kwa Kiswahili, akahamia Kigogo katikati ya sentensi kama kawaida yake, na mdogo wangu akaangua kilio. Nikajua imekwisha. Nilipomfikia na tishu, kahawia ilikuwa palepale, na ule mng'ao pia. Kilichoshuka mpaka shavuni, mistari miwili myeusi iliyonyooka, ni wanja wake wa penseli, ambao haukuwa kwenye bajeti yangu na sikuwahi kuujaribu.